Kiti cha Dirishani, Upande wa Mto

Tangu nirudi sijakoboa gunia hata moja kwa amani. Kila anayeleta mpunga mashineni kwangu anaanza na swali lile lile: "Fide, ilikuwaje huko juu?" Nikizima mashine ili nijibu, wa nyuma wanalalamika. Nikijibu bila kuizima, mtu anasikia nusu, nusu nyingine anaitunga mwenyewe, na sasa nasikia mtaa wetu mzima wa Lipangalala unasema kwamba ndege niliirusha mimi. Jamani, sikuirusha. Niliangalia tu kama wanaifanya vizuri.

Kwa hiyo naandika, ninyi wenzangu wa darasa la jioni msome na kuwasomea wengine. Mambo ya tiketi nayaruka, maana sikuyafanya mimi. Aliyafanya mdogo wangu Deo, mwenye duka la spea za magari Mbeya, kutimiza ahadi aliyoniwekea nilipoingia kidato cha kwanza nikiwa na mvi kidevuni: "Kaka, ukimaliza kidato cha nne, nakupandisha ndege uje kunitembelea." Nimemaliza, na mashahidi ni ninyi mliokuwa mkiniamsha nikisinzia kwenye somo la hesabu.

Kabla ya kuondoka: kulia au kushoto

Kwanza mjue safari hii ilikuwa inatafuta nini, maana haikuwa matembezi tu.

Mama yetu analima Katindiuka, shamba lile lile tangu kabla sijazaliwa. Kila mavuno, mpunga wa kwanza kukauka anautenga, anautwanga kwa mkono wake (mashine yangu haiamini), anaupika, na sisi watoto wake tunaula pamoja mkekani kwake. Mpaka tuule, hakuna gunia linalouzwa. Deo alipohamia Mbeya akaanza kukosa. Mama akawa anamtumia mchele wake kwa basi. Mwaka huu akagoma.

"Simtumii," alisema. "Mchele hauna miguu, Deo anayo. Aje aule hapa."

Deo kila akipigiwa simu anasema atakuja. Magunia nayo yamekaa. Sebule ya Mama imejaa mpaka mgeni akija anakalia magunia, na mgeni mrefu anagusa bati kwa kichwa. Siku moja Deo akatania kwenye simu: "Mama, mbona mimi napita kwenu kila mara? Nikienda Dar kufuata mzigo, ndege inapita juu yenu."

Mama hakucheka. Alikata simu, akaniambia, "Anapita juu yangu. Je, amewahi kusema hata siku moja kwamba ameuona mto?"

Hakuwahi kusema.

"Basi wewe utaniangalizia. Siku utakayopita, nitasimama shambani na kioo nikumulike. Mtu wa huko juu akiweza kutuona, nitajua Deo hatutazami kwa makusudi. Ikiwa haiwezekani kabisa, yameisha, nitamtumia mchele wake na kuuza magunia." Akaninyooshea kidole. "Ila wewe nakujua. Kambale wa kiganja wewe unamfanya mtumbwi. Safari hii niletee ulichokiona, basi. Usiniongezee hata punje."

Kioo kilipatikana saluni kwa mke wangu, Imelda. Kile kikubwa cha ukutani, sawa na mlango wa kanisa. Imelda alikubali kwa sharti moja: "Kikirudi na ufa, wewe usirudi."

Likabaki suala la kiti, na hili nililileta darasani, mnakumbuka. Bonde letu litakuwa upande gani wa ndege? Ramani ya ukutani haikutusaidia, kwa sababu mchwa walishaila kuanzia Kilosa kushuka chini, kwa hiyo sisi wote tulikuwa tunaishi ndani ya kichuguu. Ndipo Mama Stela, mwenzetu anayepanda treni kufuata mpunga Chita, akasimama.

"Ukienda upande wa Mbeya, milima iko kushoto, bonde lote na mto viko kulia. Mnabishana nini? Nimepanda treni hiyo mpaka viti vinanisalimia."

Nani abishane na Mama Stela? Hata mwalimu habishani naye. Nikampigia Deo: kiti cha dirishani, upande wa kulia.

"Kulia, kushoto, kuna tofauti gani, kaka?" aliuliza Deo. "Yote si ndege?"

Nikatikisa kichwa. Nikasema moyoni, Mama ana sababu ya kuhuzunika.

Ifakara hadi Mikumi

Alfajiri nilipanda basi na nikachagua dirisha la kulia, kwa mazoezi. Jua lilipotoka likanikamata shavu la kulia na halikuniachia. Nilifika Mikumi nusu yangu imeiva na nusu mbichi.

Jirani yangu alikuwa Mzee Shija, mfugaji wa Kisukuma, mwenye fimbo, koti zito na jogoo ndani ya kikapu. Tulipofika karibu na Sanje alinigusa kwa kiwiko.

"Kijana, umeyaona maporomoko? Maji yanashuka kama maziwa."

"Yako wapi, mzee?"

"Kushoto huku, mlimani. Huko kwako utaona miwa tu." Akacheka mpaka jogoo akashtuka. "Dirisha zima umelichagua, la kutazamia miwa!"

Nikamwambia nafanya mazoezi. Akauliza mazoezi ya nini. Nilikuwa bado nafafanua pale basi liliposimama. Mbele yetu trela la miwa lilikuwa limelala kwa ubavu, limekata barabara yote, na miwa imemwagika kama njiti za kiberiti cha jitu. Tulishuka. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja winchi kutoka kiwandani, na dereva wa trekta, kwa aibu, akatuambia, "Jamani, iliyovunjika kuleni." Haikupita muda basi zima lilikuwa linatafuna. Walimu, wauza mitumba, sista mmoja na konda, wote midomo imejaa. Mwanamke mmoja wa pale kijijini akatokea na ndoo ya mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi, na kusema kweli sijawahi kuhudhuria harusi iliyonishibisha vile.

Mzee Shija alikaa kando ya kikapu cha jogoo wake akanisikiliza mpaka mwisho: Mama, kioo, Deo, magunia.

"Basi ukiwa huko juu," alisema, "niangalizie na ng'ombe wangu. Wako ng'ambo ya mto."

"Wako wangapi, nijue kama wametimia?"

Akanitazama kama niliyemwuliza rangi ya nguo yake ya ndani. "Mfugaji hajibu swali hilo. Wewe waone tu."

Winchi ilipokuja, jua lilikuwa limeshahamia kati. Lakini mimi nilirudi dirisha lile lile la kulia. Mtu akichagua, amechagua.

Dar hadi mlango wa ndege

Dar nililala kwa binamu, na hilo halina habari. Habari iko uwanjani.

Deo nilikuwa nimembebea kitoga wa kukaushwa kwa moshi, kama Mama anavyowakausha, kwa sababu alichokataza Mama ni mchele, samaki hakuwataja. Begi liliingia kwenye ile mashine ya kumulika mizigo, mashine ikasimama, na dada mwenye sare akasema, "Baba, fungua." Nikafungua. Naapa watu wa foleni ya pili walirudi nyuma hatua moja kwa pamoja, kama gwaride.

"Hiki nini?"

"Kitoga, dada. Wamekauka vizuri, hawana neno."

Dada akainama. Nilidhani anatafuta kosa. Kumbe ananusa. Akanusa tena, polepole, amefumba macho.

"Wa mto wetu hawa," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi wa Malinyi."

"Haa! Dada yangu!"

"Usipige kelele, niko kazini." Akawazungushia nailoni mara mbili, tatu, akabana begi vizuri. "Mto umeshuka?"

"Umeshuka, watu wanavuna."

"Ukirudi, nisalimie."

"Nimsalimie nani, dada?"

"Mto," alisema, akamwita wa nyuma yangu.

Kwenye kaunta nilimweleza kijana kwamba ninataka kile kiti changu cha dirishani kulia, lakini nisikae penye bawa, maana sikuja kutazama bati. Akatabasamu. "Baba, ndege hii mabawa yake yako juu, kama paa la kibanda. Chini utaona kila kitu." Nikaona Mungu ameanza kazi yake mapema.

Angani kwenda Mbeya

Ndege ile ni ya mapanga. Yalipoanza kuzunguka nilijisikia nyumbani: chukua mashine kumi na mbili za kukoboa, ziwashe kwa mpigo, halafu ukae katikati na mkanda. Ilipokimbia na kuinuka, mwili wangu ulikwenda juu, moyo ulibaki Dar, ukatukuta baadaye karibu na Morogoro.

Kwa nini hamkuniambia kwamba dunia ni nzuri hivi? Milima ya Uluguru ilipita chini ya shavu langu la kulia, imekunjamana kama shuka la mtoto aliyetoka kuamka. Barabara ni uzi. Nyumba ni punje za mchele. Nikajisemea, sasa bado kidogo nione kwetu.

Mhudumu alipita na juisi. Nikamwuliza, "Dada, Ifakara tutaipita muda gani?"

"Ifakara?" Akafikiri. "Bado kidogo. Lakini itakuwa upande ule, baba." Akanyoosha mkono. Kushoto.

"Haiwezekani, dada. Nimeambiwa kulia na mtu anayepanda treni."

Nilipotamka hilo neno treni, ndipo picha nzima ikanijia. Nikamwona Mama Stela kwenye behewa, kama alivyotueleza mwenyewe mara nyingi. Magunia yake hupakiwa behewa la nyuma, na hamwamini mtu, kwa hiyo siku zote hukaa amekipa kisogo kichwa cha treni, anatazama nyuma, ili kila kituo amwone anayeshusha nini. Ndugu zangu, Mama Stela amesafiri maisha yake yote kinyumenyume! Bonde liko kulia kwake, peke yake, katika Tanzania nzima.

Na Mama wakati huo yuko Katindiuka na kioo cha saluni.

Nikafungua mkanda. Dirisha la kushoto, mstari wangu, alikaa bibi mmoja wa Tukuyu, kitambaa cheupe kichwani, mkoba umekumbatiwa. Kiti cha pembeni yake kilikuwa tupu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, naomba unipishe kiti chako, kwa muda mfupi tu."

"Kina nini?"

"Hakina neno. Kinatazama kwetu."

"Na mimi mwanangu amenilipia dirisha. Amesema, mama, usimpishe mtu, hata awe mchungaji."

"Lakini Mama, mama yangu yuko chini ananimulika kwa kioo."

Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso. Akaona sina homa. "Anakumulika ili iwe nini?"

Nikamweleza upesi upesi, nimesimama nusu, nimeinama nusu. Mchele wa kwanza. Magunia sebuleni. Deo anayepita juu na hasemi kama ameona. Alisikiliza bila kupepesa.

"Huyo Deo ameoa?"

"Ameoa. Mke wa huko huko kwenu."

"Basi kosa si la mke. Sisi wageni tunawapenda, na safari tunazipenda." Akagonga kiti kilichokuwa tupu. "Kaa. Kiti sikupi, ila tutachungulia wote. Macho yangu ya mbali bado mazima."

Tukachungulia, kichwa kwa kichwa, kitambaa chake kinanitekenya sikio.

"Unaona nini?" aliuliza.

"Pamba," nikasema.

"Na mimi naona pamba."

Wingu, ndugu zangu. Wingu jeupe, zito, limefunika bonde lote kutoka milimani mpaka mwisho wa macho. Vilele vya Udzungwa tu ndivyo vilivyotokeza, kama migongo ya ng'ombe majini. Nilitazama mpaka macho yakatoka machozi, kwa mwanga, msije mkasema vingine.

"Labda anamulika huko chini ya pamba," alisema yule bibi, akanipa peremende.

Mbeya

Mbeya kuna baridi ya kufunguliwa kesi. Deo alinipokea na koti lake la ziada, tukakumbatiana, lakini nikamwambia asubiri kwanza, nimpigie Mama.

Nisiwafiche, wakati simu inaita nilikuwa na hadithi tayari. Ilikuwa nzuri! Ilikuwa na mwali unaopenya mawingu, na rubani anayegeuka kuuliza, "Nani huyo anayetumulika?" Hadithi ile ingewafaa ninyi miaka kumi. Halafu Mama akapokea, akasema, "Haya, niambie."

"Mama, sikuona kitu. Nilikaa upande mbaya, nilipohamia upande mzuri nikakuta wingu."

Nikasikia anacheka, na nyuma yake Imelda naye anacheka.

"Na sisi hatukumulika," alisema Mama. "Asubuhi yote jua halikutoka. Kioo tumekifunika kanga, tumekaa nacho kama mgonjwa. Ungesema umeniona, Fide, ningekata simu. Asante, baba. Leo ndiyo mara ya kwanza umerudi na samaki wa saizi yake."

Deo alikuwa amesikia yote. Nyumbani kwake, mkewe Atu akatupikia ndizi na wale kitoga, na Deo alikula kama mtu aliyefunguliwa. Aliposhiba akasema, "Kumbe Mama anadhani siwatazami?"

"Adhani nini kingine? Unapita juu yake, hujawahi kusema umeona hata kichaka."

Akachezea sahani. Atu akamtazama. "Mwambie kaka yako. Au nimwambie mimi?"

"Mimi sikai dirishani," alisema Deo. "Sijawahi. Nakaa njiani, nafumba macho kutoka hapa mpaka Dar. Nikitazama chini, kaka, tumbo linapanda, miguu inakufa ganzi. Hata ngazi ya kupangia spea dukani, namtuma mtu apande."

Nilitaka kucheka, nikakumbuka kitu. Tulipokuwa wadogo, wakati wa kuamia mpunga, mimi nilikuwa nakaa juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti, napiga debe kufukuza kwelea. Deo hakupanda hata siku moja. Yeye alikimbia chini, tope mpaka magotini, kutwa nzima, akipiga kelele. Na Mama alikuwa anamsifu: "Mnaona Deo anavyojituma? Fide anastarehe juu, mwenzake anakimbia."

"Kumbe ulikuwa unaogopa dungu!"

"Niliogopa kuliko fisi," alisema Deo. "Mama akinisifu, nikaona aibu kumwambia. Mpaka leo."

Hapo sasa tulicheka wote watatu, Atu mpaka akaegemea ukuta.

Deo alikuwa na safari ya kufuata mzigo Dar, akaipanga iende na ndege yangu ya kurudi. Nikamwambia, "Mara moja tu, kaa dirishani. Safari hii ni kulia kweli, maana tunarudi."

"Na nisipoona kitu?"

"Utamwambia Mama hukuona. Ukweli unauma siku ya kwanza tu. Mimi nimeshauzoea."

Nikampigia Mama kumwambia kesho tunapita mchana na Deo yuko dirishani.

"Deo mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mwambie asisinzie," alisema, na simu ikakatika.

Angani kurudi

Siku hiyo mbingu ilikuwa imefagiwa. Deo alikaa kiti namba moja kwa uzuri katika ndege nzima, dirishani, upande wa mto, kiti nilichokitafuta tangu darasani. Mimi nikakaa njiani. Tulipoinuka alinishika kifundo cha mkono, na mkono wa muuza spea mnaujua: nilidhani nimekamatwa na jeki.

"Fumbua macho," nilimwambia.

"Bado."

"Deo, milima imeanza. Ukifumba hapa umepita."

Akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akageuka dirishani. Na hapo, wenzangu, ndipo nilipogundua kasoro ya mpango wangu. Kichwa cha Deo tangu utotoni hakijawahi kupata kofia ya dukani ya kukitosha, na sasa kilikuwa kimeziba dirisha pande zote nne.

"Unaona nini?"

"Kijani. Msitu. Unaisha..." Sauti yake ilibadilika. "Fide, kuna uwanda. Ni mpana hivi? Sikujua ni mpana hivi. Mto unameta, umejikunjakunja kama kamba iliyodondoshwa. Kuna vijito vingine, vingi. Mashamba kama vitambaa. Ule si mji?"

"Ndio huo! Sasa tazama pembeni yake, upande wa Katindiuka."

"Natazama."

Mapanga yananguruma. Ule mkono ulionibana ukazidi kubana, nikaona vidole vyangu vinageuka rangi.

"Kuna kitu kimewaka," alisema.

"Wapi?"

"Kule mbali. Kimezimika. Kimewaka tena. Kinazimika."

"Sogeza kichwa nione!"

"Ngoja."

"Deo, sogeza kichwa!"

"Ngoja kaka, ni Mama."

Halafu aliuachia mkono wangu. Aliinua wake, yeye mtu mzima mwenye duka, akaanza kupunga dirishani. Watu wa viti vya nyuma wakachungulia kuona anampungia nani huko angani. Mhudumu akaja, akatutazama, akaondoka na juisi zake. Deo alipunga mpaka hapakuwa na wa kumpungia. Alipoegemea kiti na kuniachia dirisha, chini kulikuwa na pori tu, kavu, la kahawia, lisilo na ng'ombe wala twiga.

"Miguu vipi?" nilimwuliza.

Akaitazama kama ndiyo kwanza anaikumbuka. "Ipo," alisema.

Nyumbani

Dar alilala usiku mmoja tu. Alimpigia mtu wake wa mzigo, akamwambia apakie spea kwa lori, yeye ana safari. Asubuhi tulikuwa kwenye basi. Nilimpa dirisha, upande wa milima, nikamwonyesha maporomoko ya Sanje kana kwamba niliyaona mwenyewe wakati wa kwenda.

Mama alikuwa uani Katindiuka. Kioo cha Imelda kimeegemezwa ukutani, hakina ufa, asanteni kwa maombi yenu. Deo alisema shikamoo akiwa bado mbali, akairudia alipofika, na Mama akaitikia mara zote mbili huku anamsafisha vumbi la begani ambalo halikuwepo. Kisha akamkalisha juu ya gunia.

"Haya. Uliona nini?"

"Niliuona mto, Mama. Wote. Na niliona kinawaka, kinazimika, kinawaka, kinazimika."

Imelda akaruka. "Unasikia? Nilikuambia Mama ukishike vizuri! Mimi nilikuwa nakilenga, yeye anakiachia kila mara."

"Sikukiachia makusudi," alisema Mama. Akamgeukia Deo. "Na ulipokiona, ulifanya nini?"

"Nilipunga mkono."

Mama akamsogelea. "Ulinipungia?"

"Mpaka tulipopita."

"Na mimi nilikuwa nakupungia," alisema Mama. "Ndiyo maana kilikuwa kinazimika."

Deo akainamisha kichwa, kile kikubwa, na Mama akakishika kwa mikono miwili kama mtu anayepima boga kama limeiva. Hapo ndipo Deo alipomwambia habari za dungu, na Mama akapiga makofi, akasema miaka yote hiyo alimpa sifa bure, azirudishe.

Mchele wa kwanza ulipikwa jioni ile ile, kwa kuni, na kuku. Tulikaa mkekani wote, na wali ulikuwa unanukia mpaka ng'ambo ya mto, nadhani hata ng'ombe wa Mzee Shija waliinua vichwa. Asubuhi yake gunia la kwanza lilitoka sebuleni, Deo amelibeba begani mpaka kwenye baiskeli, na sasa kwa Mama mgeni mrefu anasimama wima. Mama Stela, wewe nakuomba kitu kimoja tu: siku moja geuka, ukae kama wenzako, uone tunakokwenda.

Lakini nimeruka kidogo. Pale mkekani, sahani zikiwa katikati, Mama alikumbuka kwamba kuna mtoto mwingine aliyesafiri. Akanigeukia, Imelda tayari ameshaanza kutabasamu kwa kuwa ananijua.

"Na wewe, Fide? Mwenzako alipokuwa anatuona, wewe uliona nini?"

"Sikio la Deo, Mama," nikasema. "La kushoto."